Peji Imenyamaza: Tafuta Kwanza Wateja Wanakatikia Wapi

"Peji yangu imekufa." Kauli hii naisikia karibu kila wiki, leo kwa muuza vitenge wa Kariakoo, kesho kwa fundi makochi wa Keko, keshokutwa kwa dada anayepikia watu wa maofisini Posta. Nikipewa simu niangalie, mara nyingi nakuta peji ya Instagram iko hai kabisa, ila kuna mahali pamoja imeziba. Mwenyewe anahangaika na mahali pengine: anabadilisha nembo, anatafuta alama za reli mpya, analipia tangazo. Wakati huohuo meseji tisa za watu waliotaka kununua zimelala kwenye folda ambayo hajawahi kuifungua.

Niliuza mashuka mtandaoni miaka kadhaa kabla sijaanza kuwashika wengine mkono, na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: ukimya wa peji una aina nyingi. Kuna watu wasiokuona kabisa. Kuna wanaokuona wakapita. Kuna wanaosimama bila kusema neno, wanaouliza bei wakatoweka, na wanaonunua mara moja wasirudi tena. Dawa ya ukimya mmoja haiponyi mwingine. Ukimlipia tangazo mtu ambaye tatizo lake ni kutojibu meseji, umemletea watu wengi zaidi wa kuwaacha bila majibu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote chukua daftari la kawaida na kwa siku 14 andika mambo manne kila jioni: posti zimeonwa mara ngapi, wangapi wamesema kitu kwa komenti au meseji, wangapi wameuliza bei, wangapi wamelipa. Namba ya kwanza utaipata kwenye takwimu za Instagram, ambazo huonekana ukiwa na akaunti ya biashara au ya mtayarishaji maudhui. Kubadilisha kutoka akaunti ya kawaida ni bure na unafanya mwenyewe kwenye mipangilio. Namba tatu zilizobaki utazihesabu kwa mkono. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wateja wa mtandaoni hupotea hivyohivyo. Siku ya 14 ikifika, angalia namba zinaporomokea wapi, kisha soma sehemu inayokuhusu.

"Naposti, hakuna anayeona"

Anza na mambo madogo. Mwombe rafiki asiyekufuata atafute peji yako kwenye simu yake. Akikuta kufuli, akaunti yako uliifungua kama ya kawaida na ukaifanya ya faragha. Hakuna mgeni atakayeingia mpaka uifungue. Nimekutana na jambo hili zaidi ya mara moja, na wote walikuwa wameanza kwa kuposti picha za watoto wao kabla hawajageuza akaunti kuwa duka.

Kisha fungua mipangilio, tafuta sehemu ya hali ya akaunti. Hapo Instagram inakuonyesha kama kuna posti yako iliyoondolewa, au kama maudhui yako yamezuiwa yasipendekezwe kwa watu wasiokufuata. Wanaoangukia hapo mara kwa mara ni wauza vipodozi na virutubisho wanaoahidi tumbo kuisha ndani ya wiki moja. Ahadi za namna hiyo kuhusu afya haziruhusiwi kupendekezwa, hata kama posti yenyewe imeachwa. Ondoa ahadi, eleza bidhaa kama ilivyo.

Jambo la tatu linawakuta wanaofanya kazi kwa bidii: video inatengenezwa kwenye TikTok, inapakuliwa na ile nembo ya TikTok inayoelea pembeni, halafu inapandishwa Reels, sehemu ya video fupi ya Instagram. Tangu Februari 2021 Instagram ilishasema kwamba video zenye nembo ya programu nyingine zitapunguziwa nafasi ya kupendekezwa. Rekodi kwa kamera ya simu, hifadhi ile ya asili, ndipo uipeleke kila mahali ikiwa safi.

Halafu kuna wafuasi wa kununua. Dalili yake haijifichi: wafuasi 12,000, laiki 15. Fungua takwimu, tazama wafuasi wako wako miji gani. Kama wewe ni fundi cherehani wa Sinza na orodha inaongozwa na miji ambayo hujawahi hata kuisikia, hao si wateja wako. Shida haiishii kwenye aibu ya namba. Posti yako huanza kuonyeshwa kwa sehemu ya wanaokufuata, na wale wasioigusa wanaufundisha mfumo wa Instagram unaopanga nani aone nini kwamba posti hii haina mvuto. Mashindano ya "fuata peji hizi tano, tagi watu kumi, ushinde blenda" yanazaa tatizo lilelile. Watu walikuja kwa ajili ya blenda. Instagram inakuruhusu kuwaondoa wafuasi, hivyo waondoe kidogo kidogo, na uvumilie kuona namba ikishuka. Najua inauma.

Sasa tuje kwenye mfumo wenyewe ambao kila mtu anaulaumu. Adam Mosseri, anayeiongoza Instagram tangu 2018, alieleza Januari 2025 kwamba mambo matatu yana uzito mkubwa: muda ambao mtu anakaa akitazama, laiki, na watu kutumiana posti kwa meseji. Akaongeza kwamba hilo la kutumiana ndilo linalosaidia zaidi kuwafikia wasiokufuata. Mimi nililitafsiri kuwa swali moja la kujiuliza kabla ya kuposti: nani atamtumia nani hii?

Picha ya shuka lililokunjwa dukani, hakuna atakayemtumia mwenzake. Lakini siku niliyochukua uzi mmoja wa shuka la pamba na uzi mmoja wa lile la polyesta nikavichoma kwa kiberiti mbele ya kamera, mambo yalibadilika. Uzi wa pamba uliungua ukatoa harufu kama ya karatasi na kuacha jivu laini. Ule wa polyesta uliyeyuka ukaacha kidonge kigumu. Dada zangu wengi hawakuwa wakijua kwamba wanaweza kulipima shuka kwa njia rahisi hivyo, na video ilizunguka kwa shangazi, kwa mabibi harusi watarajiwa, kwenye magrupu ya vikoba. Sikuwa nimemwambia mtu anunue. Kila biashara ina uzi wake wa kuchoma: muuza asali ana jambo analolijua, muuza samaki wa Feri anajua jicho na shavu la samaki vinasema nini, fundi simu anajua chaja bandia inavyojulikana.

"Wanaona, wanapita"

Hapa mkosaji mkubwa ni picha ya winga, yule anayetafutia wateja mali ya duka la mwingine. Mzigo ukiingia Kariakoo, picha zilezile zinatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na kufikia mchana ziko kwenye peji nyingi, zikiwa na maandishi tofauti juu yake. Mteja ameshaiona asubuhi kwa mwenzako, na mchana ukimwonyesha wewe jicho lake linapita bila kusimama. Mbaya zaidi, anajua hiyo si mali iliyo mkononi mwako, kwa hiyo hata bei yako haiamini.

Piga picha zako mwenyewe. Simu ya kawaida karibu na dirisha asubuhi inatosha. Weka mkono wa mtu kwenye picha, weka kitu kinachoonyesha ukubwa, tandika kwenye godoro la kweli. Fundi mmoja wa Keko alikuwa anaweka picha za makochi ya kigeni alizozikuta mtandaoni. Watu walizitazama bila kuuliza, na wachache waliouliza walikuwa na shaka kama kweli anaweza kuyatengeneza. Nilimshauri apige video ya kochi kabla halijavikwa kitambaa: mbao gani imetumika, mikanda imefungwaje, sponji ina unene gani. Kochi likishavikwa mteja haoni tena ndani, na hofu ya kila anayenunua kochi iko hukohuko ndani. Komenti zilianza kuja za watu wazima, akina baba, wakiuliza habari za mbao.

Kwenye video, usimpotezee mtu sekunde za mwanzo kwa nembo inayozunguka na muziki. Anza na kitu chenyewe: chapati inageuzwa, mkasi unakata kitambaa. Na andika maneno juu ya video, kwa sababu mtazamaji wako yuko kwenye mwendokasi amebanwa pande zote, au kwenye daladala ya Gongo la Mboto, sauti ameizima. Ana bando la kupima pia. Video fupi inayoeleweka bila sauti ni kumheshimu.

Jambo la lugha nalisema kwa msisitizo maana linaniumiza. Muuzaji anayeongea Kiswahili kitamu dukani, akishika simu anaandika Kiingereza cha matangazo alichokiona kwenye peji za nje. Mteja anakisoma, anajisikia mgeni, anapita. Hawezi kujibu kwa lugha ambayo haitumii kupatana bei. Andika kama unavyomwambia mtu aliyesimama mlangoni kwako: "Hili tumelifua mara ishirini, tazama rangi." Mstari wa kwanza ndio unaoonekana kabla maelezo hayajakatwa, kwa hiyo saizi, bei na mahali ulipo vikae hapo, si chini ya alama za reli.

"Wanalaiki, hawasemi"

Mara nyingi hujawapa cha kusema. "Mnaionaje wapendwa?" ni swali ambalo halina mlango wa kuingilia. Uliza kitu chembamba ambacho mtu anakijua tayari: kitanda chako ni futi 5 au 6? Wali wa nazi wa Ijumaa uende na maharage au samaki? Yule dada wa Posta anauliza swali kama hilo kila Alhamisi jioni, na Ijumaa anapika kilichoshinda na kulionyesha sufuria. Watu wanabishana, wa maharage wanadai kuibiwa kura. Wameona neno lao limefika jikoni, ndiyo maana wiki inayofuata wanarudi. Ungeuliza kisha ukapika unachotaka, wangejibu mara moja tu.

Lakini usiogope kila ukimya wa komenti. Jiji hili kubwa kwa ramani ni dogo kwa macho. Wakwe, majirani, mabosi na watu wa kanisani au msikitini wote wako kwenye peji moja. Mtu hataki mkwewe aone ameuliza bei ya kitanda, wala mfanyakazi mwenzake aone ameulizia nguo za mitumba. Atahifadhi posti, atamtumia dada yake, au atakuja DM, yaani kwa meseji ya faragha. Namba za kuhifadhi na kutumiana ziko kwenye takwimu. Zikiwa zinapanda, peji yako ina watu, wanaongelea chumbani.

"Wanauliza bei, halafu kimya"

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo biashara nyingi nilizozishika zilipokuwa zinavuja.

Chanzo cha kwanza ni "Bei DM". Nawaelewa wanaoficha bei; nilifanya hivyo mwenyewe. Tunasema washindani wataona. Lakini mshindani amenunua kwenye stoo ileile, na akitaka bei yako ataingia DM kama mteja na ataipata. Tunasema mteja atakimbia akiona bei. Atakayekimbia kwa bei atakimbia hata huko DM, baada ya kukupotezea dakika kumi. Na upande wa mteja, bei iliyofichwa ina maana mbili tu: ni ghali, au nitapangiwa bei kwa kuangalia picha yangu ya wasifu. Hilo la pili linawachukiza watu kuliko ughali. Weka bei. Kama unapenda kuacha nafasi ya kupatana, na sisi tunapenda kupatana, ipange hadharani: seti moja 35,000, ukichukua mbili 65,000. Mteja anapata furaha ya kupunguziwa, wengine wote wanaona kwamba anapunguziwa kila mtu.

Chanzo cha pili ni kuchelewa. Mtu anayeuliza saa 3 usiku yuko kitandani, pesa ameshaitenga, na ameuliza peji tatu kwa wakati mmoja. Atakayejibu kwanza kwa adabu ndiye atauza. Niliwahi kuamka asubuhi nikamjibu mama aliyetaka seti sita za nyumba ya wageni, akaniambia amekwishapata. Seti sita. Tangu siku hiyo nilianza kutumia WhatsApp Business, ambayo ipo tangu 2018 na ni bure. Ina majibu ya haraka: unayaandika mara moja, kisha unayaita kwa kubonyeza alama ya mkwaju (/) na neno fupi. Langu la bei, langu la gharama za usafiri, langu la maelekezo ya duka. Ina pia ujumbe wa kutokuwepo, uweke, na useme ukweli ndani yake: "Nimepokea, nitajibu kesho saa 2 asubuhi." Kisha saa 2 ikifika, jibu.

Na ile folda. Meseji ya mtu ambaye hujawahi kuwasiliana naye kwenye Instagram haiji moja kwa moja mbele yako. Inakaa kwenye maombi ya meseji mpaka uikubali. Ifungue kila siku. Angalia pia kwenye mipangilio kama kuna kichujio cha maneno kinachoficha komenti. Kinasaidia dhidi ya matusi, lakini kinaweza kufunika na maswali ya wateja.

Chanzo cha tatu ni jibu linaloua mazungumzo. Tazama hili:

"Habari dada, shuka la bluu bei gani?"
"35."

Mteja afanye nini na hiyo? Hakualikwa kuendelea. Sasa hili:

"Nzuri dada, karibu sana. Seti ya bluu ni 35,000, ni shuka mbili za 6x6 na foronya mbili. Ipo na ya kijani. Uko maeneo gani nikuangalizie nauli ya bodaboda?"

Jibu lina salamu, lina kila kitu alichohitaji, na linamalizika kwa swali ambalo analijibu kwa neno moja: Tabata. Ukishapata "Tabata", biashara imeanza kusogea. Uangalie pia unavyowaita watu. Mama aliyekuandikia "mwanangu" ajibiwe "Shikamoo mama", asiitwe mrembo. Mteja wa kiume usiyemjua ni kaka, hata akiandika kwa ufupi kama anakuamrisha. Adabu hii tunayo dukani. Haipaswi kuishia kwenye kioo cha simu.

Chanzo cha nne kina uzito wake: hofu. Kila mwenye simu katika mji huu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengi wana ndugu aliyelipia kitu mtandaoni kisha namba ikazimwa. Kwa hiyo ukimwambia mgeni "tuma kwanza", na jina linalotokea kwenye muamala halifanani na jina la duka, atasimama hapohapo na hatakuambia kwa nini. Ukimya wake ni wa tahadhari, na ni haki yake. Chukua lipa namba yenye jina la biashara. Andika mahali ulipo kwa namna ambayo mtu anaweza kufika: mtaa, jengo, ghorofa. Mpigie video aione mali. Kwa mteja wa mara ya kwanza ndani ya jiji, mwache alipie mzigo akiupokea, ila nauli ya bodaboda aitume mapema. Hapo mmegawana hofu nusu kwa nusu, na bodaboda wako hatazunguka Kimara bure. Kwa mteja wa mkoani, mtumie picha ya mzigo na risiti ya basi pale Stendi ya Magufuli mara tu unapoukabidhi, usingoje aulize.

Cha tano kinapita haraka: nauli inayotokea mwishoni kama mshtuko. Mteja wa Bunju au Kigamboni amekubali 35,000, halafu anaambiwa usafiri. Panga maeneo yako kwa makundi, andika nauli ya kila kundi, ibandike juu ya peji. Instagram inaruhusu posti tatu kukaa juu kabisa. Moja iwe hiyo, nyingine iwe jinsi ya kulipa na kupokea. Na kipindi cha masika, Jangwani ikijaa maji, waambie mapema kwamba mizigo itachelewa. Watu wa Dar wanaijua mvua yao, hawatakulaumu ukiwaambia.

"Nimelipia tangazo, sijapata kitu"

Ulilipia posti gani? Wengi wanalipia ile iliyododa ili "ipate nguvu". Lipia ile ambayo tayari watu walikuwa wanaiulizia wenyewe, imeshajithibitisha. Ulilenga wapi? Kama unapeleka mizigo ndani ya Dar es Salaam tu, usilipie kuonwa nchi nzima. Lengo lilikuwa nini? Ukichagua watu watembelee wasifu, ndicho watakachofanya. Chagua meseji, kama kuuza kwako kunafanyika kwa meseji. Na kama hujatengeneza sehemu iliyotangulia, hela hiyo ibaki mfukoni kwanza.

"Wananunua, hawarudi"

Unaposti Status ya WhatsApp kila siku na kati ya wateja mia nne wanaoiona ni kumi na moja. Hawajakuchoka. Status inaonekana pale tu ambapo wewe umehifadhi namba ya mtu na yeye amehifadhi yako. Orodha ya kutangazia ujumbe nayo iko hivyo: inabeba watu 256, lakini unamfikia yule tu aliyekuhifadhi. Mteja alikupata kwa kubonyeza kitufe kwenye Instagram, akalipa, akapokea. Kwenye simu yake wewe ni tarakimu tu.

Mwombe, na muda mzuri wa kumwomba ni pale anapokuambia mzigo umefika na ameupenda: "Asante sana dada. Naomba unihifadhi kwa jina la Mashuka, Ijumaa naweka mali mpya kwenye Status." Bandika na kijikaratasi kwenye mfuko. Baada ya siku tatu mwulize kama shuka limekaa vizuri kitandani, na usimwuzie chochote katika meseji hiyo. Ni meseji inayozaa majibu marefu kuliko zote nilizowahi kutuma. Watu wanatuma picha za vyumba vyao bila kuombwa.

Picha hizo ni mali yao. Omba ruhusa kabla hujaziweka kwenye peji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na duka dogo halijaachwa nje. Ninachokiona kila siku ni wauzaji kuposti picha za meseji za malipo kama ushahidi kwamba wanauza, jina kamili la mteja na namba yake vikionekana wazi. Acha leo. Ukitaka kuonyesha, funika jina na namba kwanza. Mteja akijiona ameanikwa vile hatakutukana, ataondoka tu, na utarudi kuniambia peji imekufa.

"Kuna mtu ananichafua kwenye komenti"

Kama anachosema ni kweli, usifute. Mjibu palepale mara moja, kwa utulivu: pole, ilitokea nini, unamfanyia nini. Kisha mhamie DM. Wengine mia wanaosoma kimyakimya wanakuangalia wewe, wanataka kujua siku mzigo wao ukiharibika utafanyaje. Matusi matupu futa, huna haja ya kujieleza.

"Siku moja vyote vilizima"

Oktoba 4, 2021, kuanzia jioni saa za hapa kwetu, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika pamoja kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na anwani za wateja kwenye WhatsApp peke yake hakuwa na pa kumtuma bodaboda. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Mei 2025 X, iliyokuwa ikiitwa Twitter, ilifungwa nchini, na Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa. Hakuna namna ya kuposti inayotibu hayo.

Kinachosaidia ni wateja kuwa na makazi mengine nje ya peji. Rudi kwenye lile daftari la siku 14, fungua kurasa za nyuma, chora safu tano: jina, namba, eneo, alichonunua, saizi. Jaza kila mauzo yanapokamilika, kwa ridhaa ya mteja, na daftari likae mahali ambapo si kila anayepita dukani analifungua. Anza na watu kumi wa mwisho walionunua kwako. Namba zao bado ziko juu juu kwenye simu.